Masaa Matano na Dakika Kumi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Wanaonijua watacheka hapa, waseme keshaanza, na wacheke. Nimeingia Oman nina miaka kumi na saba, na sanduku la bati lenye kufuli lisilo na ufunguo, na darasa la sita nimeliacha Unguja halijesha. Nimebeba mitungi ya gesi Sur mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine, na mpaka leo mshona kanzu hunishonea upande mmoja tafauti. Nimeona jenereta ikiwaka moto mbele ya wageni wa Kizungu waliokuwa wakidhani ni sherehe. Nimeona wadi, bonde kavu lililofurika ghafla, linachukua gari zima na mwenyewe kakaa juu ya jiwe anapiga simu kuuliza bei ya gari jingine. Leo karakana yangu Ibra ina mafundi sita, na baina ya Bidiya na Al Mintirib hakuna kambi ya jangwani ambayo haijawahi kuniita mashine zao zilipogoma. Sikufundishwa na mtu. Nilifungua vitu, nikaangalia ndani, nikavifunga.

Kwa hiyo hili ninaloliandika siliandiki kwa kuwa lilinishangaza. Naliandika kwa sababu mke wangu hataki kulisema, na mama yangu halijui, na mimi nimechoka kuwa nalo peke yangu.

Mke wangu ana miaka arubaini na mitatu. Wazee wake walirudi Oman kutoka Burundi. Kifaransa alikipata jikoni kwa mama yake, Kiingereza shuleni, Kiarabu kila pahala, na Kiswahili chake ni cha bara, kinachompa mama yangu kazi ya kusahihisha tangu ndoa yetu mpaka leo, miaka ishirini na miwili. “Usiniambie ‘naomba chai’, mwanangu,” mama humwambia. “Uombe kwa Mungu. Kwangu sema nipe.” Na mke wangu hucheka, kesho yake huomba tena.

Alilea watoto wanne. Wa mwisho alipokwenda Maskati kusoma, nyumba ikawa kimya, na yeye akaanza kuandika. Alinunua madaftari ya jalada la kijani. Asubuhi humwomba jirani ampeleke Bidiya, akakaa na wanawake wa mashambani akiwauliza: mtende huu jina lake nani, mgao wa maji ya falaji, mfereji wa mashambani, unahesabiwa vipi, majani haya yanatibu nini. Aliandika kwa Kiarabu, pembeni Kifaransa, chini yake Kiingereza. Madaftari yalifika saba. Mimi nikiyaona juu ya meza nikajua ni mambo ya mwanamke aliyekosa mtoto wa kumfulia. Sikumkataza. Nilijivuna hata kwa huko kutomkataza, karakana nzima ilijua.

Siku moja akaja na simu mkononi.

“Bwana, hebu soma.”

“Soma wewe, miwani yangu iko garini.” Miwani yangu huwa garini kila inapokuja karatasi ndefu ya Kiarabu.

Akasoma. Kampuni moja ya kambi za jangwani ilikuwa inataka wanawake wa kuwatembeza wageni: kwenye mashamba, kwenye mabirika ya maji ya Wadi Bani Khalid, majumbani kwa wanawake wenzao ambako muongozaji mwanamume hawezi kuingia. Walitaka wenye lugha tatu na zaidi. Walitaka wanane tu, na mtihani ni mmoja, wakishawapata wanane basi, milango imefungwa. Mshahara, sare, na gari la kumfuata mtu mlangoni.

“Lugha ninazo nne,” alisema. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kosa, “Bwana, mimi sijawahi kulipwa hata siku moja. Na kitu kama hiki hakitarudi tena.”

Hilo ndilo lililokuwepo mezani, na nililifahamu vizuri. Asije mtu akasema sikulifahamu.

Mwisho wa lile tangazo palikuwa na masharti. Mtihani unafanywa Nizwa, ukumbini, masaa matatu, kwenye laptop ya mtahiniwa mwenyewe. Ije imejaa chaji. Plagi hakuna, waya hauruhusiwi kuingia.

Laptop tuliyonayo aliiacha mwanetu mkubwa, ya miaka mitano. Nyumbani ilikuwa haiachani na waya wake, imekaa mezani kama mbuzi kafungwa. Nikamchukua mke wangu mpaka kwa mwenye duka la kompyuta pale sokoni Ibra. Akaigeuza, akaitazama chini, akairudisha.

“Betri imechoka hii, ustadh. Badilisheni. Ninayo, riali kumi na nane na nusu.”

“Umeipima?”

“Ya kupimwa? Ina miaka mitano.”

“Mimi nina miaka khamsini na mbili. Na mimi nibadilishwe?”

Watu dukani wakacheka. Mke wangu akanivuta mkono wa kanzu. “Bwana, si kitu, tuchukue tu.”

“Ngoja,” nikamwambia. “Huyu anauza. Mimi betri huzipima.”

Wallahi, pesa hazikuwa kichwani mwangu. Angesema riali mbili ningekataa vilevile. Kilichoniuma ni mtu aliyekaa nyuma ya meza ya kioo kunifundisha mimi habari za betri. Miaka thalathini nimepima betri, za magari, za pampu, za jenereta. Betri hupimwa kwa njia moja tu: unaijaza, unaiwekea taa, unaangalia saa taa inapowaka na saa inapozima. Maneno mengine yote ni ya wauzaji.

Basi nikafikiri, laptop nayo inataka taa yake. Taa yenyewe itakuwa nini? Nikakaa na simu siku mbili nikiangalia video za Wahindi na Wamisri wakieleza, mpaka nikapata. Unafungua ukurasa mtupu, unaandika mistari minne. Wa kwanza ni jina la pahala pa kuanzia. Wa pili unaiambia mashine: iandike saa hii ndani ya faili. Wa tatu: subiri sekunde sitini. Wa nne: rudi mwanzo. Basi. Itaandika saa, itasubiri, itaandika, itasubiri, mpaka betri ikatike roho. Ukija kuiwasha tena, unafungua faili na kuangalia mstari wa mwisho. Hiyo ndiyo saa taa ilipozima.

Niliiandika kwa vidole viwili. Ilikataa mara tisa, mara ya kumi ikakubali. Dirisha jeusi likafunguka na saa ikaanza kujiandika humo peke yake, mstari chini ya mstari, nami nimesimama sijaigusa. Nimefunga mashine za kuendesha hoteli nzima, lakini sikumbuki furaha kama ile. Nilimwita mke wangu aje aone. Nilimwita mama. Mama akaangalia, akasema, “Inaandika saa? Mbona saa ipo ukutani?”

Kampuni iliwachukua watahiniwa asubuhi tatu mfululizo kuwaonesha kambi na njia. Nikamwambia mke wangu, hizo ndizo siku zangu. Siku ya kwanza niliichomoa laptop saa tatu kamili ya asubuhi, imejaa, nikaianzishia skripti, ile mistari yangu minne, nikaiacha mezani katika chumba cha wageni na skrini inawaka, nikenda zangu karakana. Niliporudi alasiri ilikuwa imekufa. Nikaichomeka, nikafungua faili. Mstari wa mwisho: 14:10. Saa nane na dakika kumi. Toka saa tatu, ni masaa matano na dakika kumi.

Siku ya pili, saa tatu kamili tena. Mstari wa mwisho: 14:08.

Jioni hiyo mke wangu alirudi na mchanga kwenye ukingo wa abaya, uso umewaka, anaongea kama msichana. Walikuwa wameulizwa jina la mti fulani, na hakuna aliyelijua ila yeye. Nikamwonesha faili. Akaliangalia muda mrefu.

“Kwa nini isiandike na asilimia?” akauliza. “Ile namba ya chaji. Tuone inavyoteremka.”

“Asilimia ni uwongo,” nikamwambia. “Betri kongwe inakwambia sitini, dakika tano baadaye imekufa. Saa haidanganyi.”

“Lakini tungeona—”

“Bibi. Nani fundi hapa?”

“Wewe,” akasema, akaenda kuvua abaya.

Na mimi kwa niliyoyasema, nilisema kweli. Betri kongwe hudanganya asilimia. Fundi yeyote atakwambia. Hilo ndilo linalonitafuna: sikusema ujinga.

Siku ya tatu: 14:12. Siku tatu, tafauti ya dakika nne! Nilipiga meza. Hata betri mpya kutoka kiwandani hazipatani hivyo. Nilipita kwa yule mwenye duka makusudi, nikasimama mlangoni mbele ya wateja wake.

“Masaa matano na dakika kumi,” nikamwambia. “Ile iliyochoka.”

“Mashallah,” akasema. “Basi mpya ingekuwaje?”

“Ungeuza wewe, ndivyo ingekuwa.”

Nikaondoka nimemshinda.

Asubuhi ya mtihani tulitoka Ibra baada ya sala ya alfajiri. Mama alimsomea dua mlangoni na kumpulizia kichwani, akamwambia, “Nenda, mwalimu wa Wazungu.” Njiani mke wangu alikuwa na daftari la saba mapajani, halifungui. Laptop ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, imejaa, nimeifunga mkanda wa gari. Hilo alilicheka. Tulipokaribia Nizwa akaniuliza mara moja tu, “Una hakika nayo, bwana?” Nikamwambia, “Itarudi nyumbani na chaji ya kutazamia filamu.”

Aliingia saa tatu kasorobo. Nje palikuwa na kibanda cha chai, na wanaume watano sita wamekaa, waume na baba wa waliomo ndani. Nami huwa sikai kimya. Nilipomaliza kikombe cha kwanza walikwisha jua nina karakana, nina mafundi sita, na mke wangu ana lugha nne na laptop niliyoipima mwenyewe kwa programu niliyoiandika mwenyewe.

“Umeandika programu?” akauliza mzee mmoja wa Nizwa aliyemleta binti yake. “Umesoma wapi?”

“Hapa,” nikamwonesha vidole viwili.

“Na mkeo akipata kazi, nani atakupikia?”

“Jenereta ya sheikh nimeifufua, sembuse kupika wali.”

Wakacheka, mmoja akanilipia kikombe cha pili. Nilikuwa nimekunywa nusu yake mlango wa ukumbi ulipofunguka. Saa tano kasoro dakika ishirini na tano. Akatoka mke wangu, peke yake.

Nikasimama. Hili nalikumbuka kila siku, nilisimama na nikapiga kofi. “Wa kwanza!” nikawaambia. “Si niliwaambia? Nusu ya muda, kawamaliza!” Na wale wanaume, Mungu awape kheri, wakampigia makofi mke wangu. Yule mzee akasema mashallah, mashallah. Yeye akapita mbele yetu bila kugeuka, laptop ameikumbatia kifuani imefungwa, akaenda moja kwa moja garini.

Nikamfuata nikitembea taratibu, ili wanione.

“Vipi, umewamaliza?”

“Imezima.”

“Nini imezima?”

“Laptop.”

“Ulibonyeza nini?”

Hilo ndilo nililokuwa nalo la kumwambia. Kapoteza kile kitu, na mimi namuuliza kabonyeza nini.

Baadaye, tumeshatoka mjini, akanieleza kidogo kidogo, sauti haina kitu ndani. Majibu yote hutumwa pamoja mwishoni. Skrini ilififia, akanyoosha mkono, msimamizi akaja, na alipofika ilikuwa nyeusi. Akaomba waya wake uliomo mkobani, mkoba uko mlangoni, waya hauruhusiwi. Msimamizi alikuwa mwanamke, alimshika bega, akamwambia samahani, dada, hakuna kilichobaki humu, na sharti mliandikiwa.

“Nilikuwa kwenye swali la falaji,” akasema. “Mgao mdogo kabisa wa maji ni wa muda gani. Nalijua. Nilikuwa nalijibu.”

Nikaanza. Nikasema ni joto la ukumbi. Nikasema ni mtandao wao, unanyonya. Nikasema wamefanya makusudi kupunguza watu. Nikasema masaa matano na dakika kumi, siku tatu, ninalo faili, nitawapelekea hilo faili wakalione! Nilisema mpaka Sinaw, na kutoka Sinaw mpaka nyumbani. Alikuwa anaangalia dirishani. Tulipofika mama alikuwa barazani.

“Haya, umewapasi?”

“Bado, mama,” mke wangu akasema, akaingia ndani.

Siku ya pili yake sikwenda karakana. Nilitaka ushahidi. Niliijaza laptop, saa tatu kamili nikaichomoa, nikaanzisha skripti, na safari hii nikavuta kiti nikakaa mbele yake na daftari, niandike kila kitu kwa mkono wangu, ili nikienda kugombana na kampuni nisiachwe mdomo wazi.

Hapa inanibidi nieleze habari ya kikapu cha mama.

Mama yangu yumo katika miaka ya thamanini. Zamani, tulipokuwa tunakaa Sur, wadi lilishuka likavunja nguzo, tukakaa siku nyingi bila ya umeme, na yeye alikuwa peke yake na watoto wa ndugu yangu gizani, simu zote zimekufa, hana wa kumwita. Tangu hapo hawezi kuona kitu cha betri kimekaa bila ya waya. Ana kikapu cha ukili alichokuja nacho kutoka Unguja, zamani akitilia vitu vya sokoni, sasa kimejaa waya za chaji za kila namna. Kila siku akimaliza kahawa ya saa nne huzunguka nyumba nzima nacho, chumba kwa chumba. Simu, tochi, redio yake, mashine ya kupimia presha. Anaita kuzilisha. Adhana ya adhuhuri ikisikika huzunguka tena, anachomoa kimoja kimoja na kukunja waya, kwa kuwa umeme uliosahauliwa ndio moto. Nyumba yetu nzima inajua. Miaka yote hii simu yangu haijawahi kuzima, na nikiwa karakana hujisifia mama yangu.

Saa nne ilipita kidogo. Nilimsikia anaburuta miguu, akaingia na kikapu, akanipita kama sipo. Akainama juu ya meza, akapapasa nyuma ya laptop, akaichomeka.

“Mama, unafanya nini?”

“Nailisha. We umeikalia na unaiona haina waya?”

“Mama.” Nilisikia sauti yangu inatoka mbali. “Zile siku tatu. Juma lililopita. Uliichomeka?”

“Kila siku. Nani mwengine atakayeichomeka? Mnaiacha inawaka peke yake inaandika saa mpaka inakufa njaa, hamna huruma.” Akaninyooshea kidole. “Na hujaniambia ahsante.”

Nilipiga hesabu pale pale, na hesabu ni kitu ambacho sijawahi kuhitaji skuli. Saa tatu mpaka saa nne, inakula betri. Saa nne mpaka adhana, inalishwa. Adhana saa sita na dakika kumi na nane, inachomolewa imeshiba. Toka hapo mpaka saa nane na dakika kumi ni saa moja na dakika khamsini na mbili. Huo ndio uhai wa ile betri. Ndiyo maana siku tatu zilipatana. Nilikuwa napima adhana ya msikiti wetu na miguu ya mama yangu, vitu viwili visivyokosea wakati. Faili liliandika saa tu, kama nilivyoliamuru. Lingeandika na asilimia, ingeonekana namba inapanda, na hata mtoto angejua.

Nikageuka. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Alikuwa anautazama ule waya.

Mama akamwona. “Mwambie mumeo. Nimefanya vibaya?”

Nilingoja. Kama angepiga kelele angesikika Ibra nzima, na haki yake. Akaweka sinia mezani, akachukua mkono wa mama akaubusu.

“Umefanya vyema, mama,” akasema. “Ahsante.”

Akammiminia kahawa. Mimi hakunimiminia, na sikuomba.

Niliwapigia simu kampuni siku ile ile. Sikwenda na faili. Nilisema na mtu pole pole, kwa Kiarabu changu kizuri, nikamweleza kuwa kosa ni la mume, mwanamke hana kosa, wampe hata masaa mawili akae mbele yao. Nilimwambia nitawatengenezea jenereta zao bure. Sijawahi kumbembeleza mtu tangu mitungi ya gesi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mstaarabu.

“Wanane wamepatikana, ya akhi. Khalas.”

Mmoja katika wale wanane ni mwanamke wa Bidiya, mchangamfu, lugha zake tatu na miti haijui. Alikuja nyumbani baada ya siku kumi kumuuliza mke wangu majina. Walikaa mchana mzima. Nilipopita nikasikia mke wangu anamfundisha mgao wa maji, kwa Kifaransa, na yule anarudia. Alipoondoka alikuwa na mfuko, na madaftari saba ya kijani yamo ndani.

“Umemwazima?” nikauliza.

“Nimempa.”

“Yote?”

“Nitayafanyia nini?”

Niliingia chumbani, nikafungua ile skripti, nikaongeza mstari wa tano, wa asilimia. Ulikubali mara ya kwanza. Nikaipeleka laptop karakana, nikaifungia kabatini isiguswe na mtu, nikaipima. Saa moja na dakika khamsini na moja. Dakika moja imepungua. Nikairudisha nyumbani, sikumwonesha mtu.

Sasa asubuhi mke wangu huamka, hupika, hupanga. Jirani wa kumpeleka Bidiya alipiga honi siku mbili tatu, akaambiwa leo sijisikii, akaacha kupita. Tunazungumza, asije mtu akadhani hatuzungumzi: mchele, watoto, joto. Saa nne mama huzunguka na kikapu chake, akifika kwenye laptop huichomeka, adhana ikiita huichomoa, na kila siku humwambia mke wangu, “Nishailisha ile yako,” na kila siku mke wangu humwambia ahsante mama. Hakuna anayeifungua. Siku moja nilimwambia labda kampuni nyengine itatokea. Alikuwa anachambua mchele. “Labda,” akasema, wala hakuinua kichwa. Najua sauti ya mashine iliyokwisha na sauti ya mashine iliyozimwa tu. Tafauti hiyo naijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mkoa huu.

Nikarudi kwa mwenye duka. Alikuwa peke yake. Hakusema nilikwambia, na ningependa angesema. Aliitoa betri kwenye boksi lake, akaiweka juu ya meza ya kioo, akanisubiri nianze kuvutana naye bei, kwa kuwa ndivyo sokoni wanavyonijua. Nilimuuliza kama bei ni ile ile. Akasema ile ile. Nikatoa pesa nikamhesabia mbele yake, riali kumi na nane na baisa mia tano.